"Stay", "remain", "live" na wenzake: jinsi ya kuchagua neno la Kiingereza la kukaa na kubaki

Anayefikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza hukwama kwenye maneno ambayo hakutarajia yamsumbue. Kitenzi "kukaa" hufanya kazi nyingi bila kuchoka: mtu hukaa kitini, hukaa mtaa fulani, hukaa kwa shangazi wiki mbili, hukaa kimya, na chakula nacho hukaa siku tatu kabla ya kuharibika. "Kubaki" nacho kina eneo lake pana. Kiingereza kimezigawa kazi hizo kati ya vitenzi na misemo zaidi ya kumi, na mara nyingi zaidi ya kimoja huwa sahihi kisarufi katika sentensi ileile, ila kila kimoja humwachia msomaji picha tofauti. Ulinganisho huu umekusudiwa mwandishi wa barua, mjazaji wa fomu, mfasiri na mwanafunzi ambao tayari wanayajua maneno yenyewe lakini hawana hakika wachukue lipi.

Vigezo vya kulinganishia

Kila neno hapa limepimwa kwa maswali manne. La kwanza ni muda: je, tunazungumzia makazi, ugeni wenye mwisho, au dakika chache? La pili ni kuondoka: je, kulikuwa na matarajio kwamba mtu au kitu hicho kingeondoka, na kama ndivyo, nani aliyeamua kisiondoke? La tatu ni uzito wa lugha, yaani kama neno linafaa hati ya mahakama, barua ya kazi au ujumbe wa simu kwa rafiki. La nne ni sarufi: ni kitu gani kinaweza kulifuata neno hilo, na ni nyakati zipi za kitenzi ambazo haliziwezi.

Mimi hulipa swali la pili uzito kuliko mengine. Muda huelezwa na maneno mengine ya sentensi, na kosa la sarufi hunaswa na mhariri yeyote makini, lakini neno lililokosea kuhusu kuondoka hupita bila kushtukiwa na kuigeuza habari nzima. Sentensi "she stayed" inatuambia kwamba mtu huyo angeweza kwenda na hakwenda. Sentensi "she lived there" haisemi lolote kuhusu kwenda.

"Stay"

"Stay" kiliingia Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale, na mzizi wake wa mbali ni kitenzi cha Kilatini "stare", yaani kusimama. Asili hiyo bado inasikika ndani yake, kwa kuwa maana yake ya msingi ni kusimama pale ulipo badala ya kwenda zako.

Kwa upande wa muda, "stay" ni neno la ugeni. Anayesema "I am staying with my uncle" amefikia kwa mjomba wake na siku moja ataondoka, na kwa kweli swali letu "umefikia wapi?" ndilo linalolingana sawasawa na "where are you staying?" Kitenzi hiki kina faida nyingine ndogo: kinaweza kufuatwa moja kwa moja na kipimo cha muda bila kihusishi, kwa hiyo "we stayed three nights" ni sahihi sawa na "we stayed for three nights".

Kuhusu kuondoka, mtendaji wa "stay" kwa kawaida ana hiari. Aliombwa atoke, akakataa. Mkutano ulikwisha, akachagua kuongea na wenzake. Hata mbwa anapoamriwa "stay", amri hiyo inachukulia kwamba anao uwezo wa kukimbia. Wakufunzi wengi wa mbwa hutofautisha amri hiyo na "wait", na tofauti yao inawafaa pia wanafunzi wa lugha: "stay" ni kutotoka mahali ulipo mpaka nikurudie, na "wait" ni kusimama kidogo kwa sababu kuna jambo linalofuata. Anayengoja lazima awe na anachokingojea. Anayekaa hahitaji kuwa nacho.

Kwa uzito wa lugha, neno hili liko katikati na hupokelewa karibu kila mahali, isipokuwa kwenye hati za kisheria ambako linaweza kuwa na maana nyingine kabisa. "Stay of execution" ni kusimamisha utekelezaji wa hukumu, na mahakama inayotoa "a stay" haimwambii mtu yeyote akae popote. Mfasiri asiyeijua maana hii huandika upuuzi ulio sahihi kisarufi.

Sarufi ya "stay" ndiyo tajiri kuliko zote. Hufuatwa na mahali, kama "stay at home" au "stay in bed". Hufuatwa na kivumishi, kama "stay calm" au "stay awake". Na mara chache hufuatwa na nomino, kama "stay friends". Kampeni moja ya serikali ya Uingereza ilionyesha sura mbili za kitenzi hiki ndani ya wiki chache. Machi 2020, janga la korona lilipoanza, kaulimbiu ilikuwa "stay home", ambayo ni amri ya mahali. Tarehe 10 Mei mwaka huohuo kaulimbiu ya Uingereza yenyewe, yaani bila Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini, ikawa "stay alert", ambayo ni amri ya hali. Kitenzi hakikubadilika, ila kilichokifuata kiliwahamisha watu kutoka kufungiwa nyumbani hadi kuwa waangalifu popote walipo, na malalamiko mengi ya wakati ule yalihusu ugumu wa kujua mtu aliye "alert" anatakiwa kufanya nini hasa.

Kisha kuna vielezi vidogo vinavyokaa nyuma ya "stay" na kuzaa maana mpya, ambazo Kiswahili mara nyingi kina vitenzi kamili kwa ajili yake. "Stay up" ni kuchelewa kulala, na "stay up all night" ni kukesha. "Stay in" ni kutotoka, na mara nyingi hulingana na kushinda nyumbani. "Stay over" ni kulala kwa mtu usiku mmoja. "Stay on" ni kuendelea baada ya muda uliopangwa kwisha, kama mfanyakazi anayeombwa aongeze mwaka mmoja baada ya mkataba wake. "Stay behind" ni kubaki wenzako wanapotawanyika. Ni vyema kuwa mwangalifu na kitenzi "kulala", kwa sababu "nililala kwa mjomba" hutafsiriwa "I stayed the night at my uncle's". Anayeifuata sentensi ya Kiswahili neno kwa neno na kuandika "slept with" atakuwa ametangaza jambo zito ambalo hakulikusudia.

Mtego mkubwa wa "stay" ni kulitumia kwa makazi. Swali "where do you stay?" likiulizwa Uskoti, Afrika Kusini au India hueleweka kama "unaishi wapi?", na katika Kiingereza cha huko si kosa. Msikilizaji wa London au Chicago anayekutana na mgeni anaweza kulielewa kama swali la hoteli. Kwa hiyo kinachoamua hapa ni masikio ya anayesoma: kwa wasomaji mchanganyiko, "live" ni salama zaidi, kwa wasomaji wa maeneo hayo, hakuna sababu ya kumsahihisha mtu.

"Stay" humfaa anayezungumza, msafiri, mwandishi wa barua za kirafiki au za kazi, na yeyote anayetaka uamuzi wa mtu uonekane.

"Remain"

"Remain" nacho kina asili ya Kilatini, katika kitenzi "remanere", ambacho ni kubaki nyuma. Kwa muda, hakijali kama ni dakika tano au karne tano; kinachokihusu ni kwamba hali iliyokuwapo bado ipo. Kwa swali la kuondoka, kinatofautiana na "stay" kwa namna ambayo ningependa msomaji aishike: "stay" humtazama anayebaki, na "remain" hutazama mabadiliko yaliyomzunguka. Viti kumi vilikuwapo, vinane vimeondolewa, "two chairs remain". Viti havina hiari, kwa hiyo "two chairs stay" ingesikika kama agizo la mpangaji wa ukumbi kwamba viwili visiguswe.

Uzito wake ni wa lugha rasmi. Kwenye ndege abiria huombwa "remain seated" mpaka ndege isimame kabisa. Nchini Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Miranda dhidi ya Arizona mwaka 1966, mtu aliye chini ya ulinzi huambiwa kabla ya kuhojiwa kwamba ana haki ya "to remain silent". Na tarehe 23 Juni 2016 wapiga kura wa Uingereza waliulizwa kama nchi yao iendelee kuwa "a member of the European Union" au iondoke, na kitenzi kilichochapishwa kwenye karatasi ya kura kilikuwa "remain". Swali la awali lilitaja kubaki tu na kutaka jibu la ndiyo au hapana. Tume ya Uchaguzi ikapendekeza mwaka 2015 kwamba neno "leave" liwekwe wazi, ili pande zote mbili zisomeke kwenye swali lenyewe. Waliotaka kubaki wakapata asilimia 48.1, wakashindwa, na jina la "Remainers" likawaganda. "Stay a member" ingewezekana kisarufi, lakini ingekuwa nyepesi mno kwa swali la taifa.

Mfano huo unaonyesha pia sarufi yake. "Remain" hupokea nomino bila taabu, kama "remain a member" au "remain president", hupokea kivumishi, kama "remain open" au "remain unclear", na hupokea jambo ambalo bado halijafanyika, kama "much remains to be done" na "it remains to be seen". Kisichokipenda ni wakati wa kuendelea: "I am staying at a hotel" ni ya kawaida, lakini "I am remaining at a hotel" humfanya msikilizaji ajiulize wengine wamehamia wapi. Katika mazungumzo, kwa kweli, "I remained at home" inasikika kama maelezo yanayoandikwa kituo cha polisi. Rafiki akikuuliza ulikuwa wapi jana, mwambie "I stayed in".

Kuna mitego mitatu. Wa kwanza ni "nimebakiwa na". Wengi huandika "I have remained with two copies", wakati Kiingereza cha kawaida husema "I have two copies left". Vivyo hivyo "zimebaki dakika tano" ni "there are five minutes left" katika mazungumzo na "five minutes remain" kwenye tangazo. Wa pili ni "leave to remain", neno la sheria ya uhamiaji ya Uingereza, ambalo kwa haraka linaonekana kujipinga lenyewe. Hapo "leave" ni nomino yenye maana ya ruhusa, na "indefinite leave to remain" ni ruhusa ya kubaki nchini bila kikomo cha muda. Mwenye barua yenye maneno hayo hajaambiwa aondoke. Wa tatu ni nomino "remains": magofu ya mji wa kale huitwa hivyo, na mwili wa marehemu pia. Baki ya hesabu ni "remainder", na chakula kilichobaki mezani ni "leftovers". Mwenyeji anayewapakulia wageni "remains" atawashtua.

Neno hili humfaa mwandishi wa ripoti, kumbukumbu za vikao, matangazo, mikataba na habari, pamoja na yeyote anayezungumzia vitu badala ya watu.

"Live" na "reside"

Hivi viwili ni vya makazi, na tofauti yao ni ya uzito wa lugha tu, au karibu hivyo. Swali la kuondoka halimo ndani yao kabisa: anayeishi mahali ana nyumba yake hapo hata akiwa safarini mwezi mzima.

"Live" hubadilisha muda kwa kubadilisha umbo. "I live with my brother" ni mpango wa kudumu. "I am living with my brother" humdokezea msikilizaji kwamba ni kwa sasa, mpaka nyumba nyingine ipatikane. Umbo la pili linakaribia "I am staying with my brother", ila "staying" ni ugeni wa mkoba na "living" ni makazi ya muda yenye vyombo na anwani. Mahali panapowakwaza wengi ni kiambishi -me-. "Nimeishi hapa miaka mitatu", inayosemwa na mtu ambaye bado yupo, ni "I have lived here for three years" au "I have been living here for three years". Akiandika "I lived here for three years" amekwisha kujihamisha, na ofisi inayosoma barua yake ina haki ya kumuuliza anwani mpya.

"Reside" ni neno la fomu, viapo na mikataba, na nomino zake "residence" na "resident" hutumika zaidi kuliko kitenzi chenyewe. Sheria huzipa uzito mahususi: katika nchi nyingi, kuwapo nchini siku 183 katika mwaka mmoja ni kipimo kimojawapo cha kumhesabu mtu kuwa mkazi kwa madhumuni ya kodi. Isichanganywe na "domicile", ambayo ni mahali ambapo sheria inapatambua kuwa makao ya kudumu ya mtu, na inawezekana mtu awe na "residence" nchi moja na "domicile" nchi nyingine. Katika mazungumzo, "I reside in" husikika kama mtu anayejijazia fomu kwa sauti. Neno hili pia hutumika kwa mamlaka na haki: madaraka yanaweza "reside" kwa bunge au kwa wananchi, na hapo "live" haliwezi kuchukua nafasi yake.

"Live" humfaa karibu kila msemaji. "Reside" humfaa wakili, karani na anayeijibu ofisi kwa lugha ya ofisi.

"Dwell" na "abide"

Haya ni maneno ya zamani ambayo hayajafa, bali yamehamia kwenye misemo michache. "Dwell" katika Kiingereza cha kale kilihusu kupoteza njia na kuzuia, kikageuka kuwa kuchelewa, na hatimaye kuishi mahali. Leo kitenzi chenyewe ni cha ushairi na ibada, ingawa "dwelling" ni nomino ya kawaida kabisa katika bima na sheria za majengo kwa maana ya nyumba ya kuishi. Kinachosikika kila siku ni "dwell on", yaani kuliganda jambo moja katika mawazo au maongezi. "Abide" nacho kilikuwa kubaki na kungoja, na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 imekitumia sana mahali ambapo tafsiri za karne ya 20 aghalabu huweka "remain" au "stay". Siku hizi "abide by" ni kutii kanuni, na "I can't abide it" ni kutolivumilia jambo. Humfaa mfasiri wa mashairi na maandiko. Mwandishi wa barua ya kuomba chumba ayaache.

"Linger", "loiter", "hang around" na "stick around"

Muda wa maneno haya ni mfupi, na swali la kuondoka ndilo roho yao: kila moja linasema kwamba mtu alipaswa au aliweza kwenda, kisha linatoa maoni kuhusu kwa nini hakwenda. Hapa msemaji hana njia ya kuwa huru na upande. Akichagua neno, amekwisha kuhukumu.

Tuchukue tukio moja. Saa ya kuwatazama wagonjwa imekwisha, kengele imelia, na mwanamume mmoja bado yuko kwenye ujia wa hospitali, nje ya mlango wa wodi. Ukiandika "he stayed", aliamua kutokwenda. Ukiandika "he remained", wageni wengine wameondoka na yeye ndiye aliyebaki, na hatujui moyoni mwake mna nini. "He waited" inaleta daktari au habari inayotarajiwa kutoka ndani. "He lingered" inamvuta arudi mlangoni mara nyingine, kwa sababu kuna anayempenda ndani na miguu inakataa. "He hung around" inamwonyesha akiegemea ukuta, akiichezea simu, hana la kufanya. "He loitered" imekwisha kumwita mlinzi. Mwanamume ni yuleyule na dakika ni zilezile. Ripoti ya muuguzi, hadithi fupi na maelezo ya mlinzi zitachagua vitenzi vitatu tofauti, na zote zitakuwa zimesema kweli kwa namna yake.

"Linger" ni ndugu wa neno "long", na hufaa pia kwa vitu visivyoshikika: harufu, shaka, maumivu, kumbukumbu. Uzito wake ni wa maandishi kuliko mazungumzo. "Loiter" ni neno la mabango na la polisi, na "no loitering" ni kukataza watu kuzubaa au kuzurura mahali fulani. "Hang around" ni la mitaani, nalo huegemea uvivu kidogo. Lisichanganywe na "hang on", ambalo ni "ngoja kidogo" kwenye simu. "Stick around" ndilo la kirafiki kuliko yote. Mwenyeji anayekuambia "stick around" anakudokezea kwamba kuna jambo zuri linakuja, kwa hiyo usiharakie kwenda.

Kisarufi yote manne hayapokei nomino ya hali, kama ile ya "stay friends", wala hayahitaji mahali patajwe. "Linger" humfaa msimulizi, "loiter" mwandishi wa kanuni, na mawili ya mwisho watu wanaofahamiana.

"Stay put", "sit tight" na "shelter in place"

Misemo hii huja wakati wa dharura, na hapo uchaguzi wa maneno huacha kuwa suala la ladha. "Stay put" haimaanishi kukaa tu; inakataza kusogea. Katika majengo marefu ya makazi nchini Uingereza ni jina la mwongozo wa moto wenye hoja yake ya kiufundi: kila nyumba imejengwa ili kuuzuia moto kwa muda, kwa hiyo asiyeguswa na moto hubaki ndani badala ya kuziba ngazi. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 jengo la Grenfell Tower mjini London liliwaka, moto ukapanda kwa nje kupitia vifuniko vya ukuta, na hoja hiyo ikaanguka pamoja na kinga ya nyumba moja moja. Simu ya kwanza ilipigwa kabla ya saa saba kamili usiku, lakini ushauri wa "stay put" uliondolewa saa nane na dakika 47, karibu saa mbili baadaye. Watu 72 walifariki, na ripoti ya kwanza ya uchunguzi, ya Oktoba 2019, ilisema ushauri huo ulipaswa kuachwa mapema zaidi. Mfasiri wa maagizo ya aina hii asilainishe: "kaeni ndani" haitoshi kwa "stay put", kwa sababu msikilizaji anaweza kuhamia kwa jirani na bado akajiona ametii. "Msitoke mlipo" ndiyo inayobeba katazo.

"Shelter in place" ni msemo wa Marekani, wa mamlaka kwa umma, wenye maana ya kujikinga palepale ulipo. Ulizoeleka kwa hatari kama uvujaji wa kemikali, kisha Machi 2020 kaunti za eneo la San Francisco zikautumia kwa amri ya kukaa nyumbani, ambayo ilikuwa ya wiki na si ya saa chache. "Sit tight" ni nyepesi: ni mtu anayekuambia uvumilie, usichukue hatua, msaada au jibu linakuja. Huweza kusemwa kwa mtu aliyekwama kwenye lifti, na pia kwa mwekezaji anayetaka kuuza hisa kwa hofu. Wa pili hajakatazwa kutembea.

Uchague lipi, kulingana na hali yako

Ukijaza fomu au kuandika kiapo, fuata neno la fomu yenyewe. Penye "residence" jibu kwa makazi, penye "length of stay" jibu kwa siku za ugeni, na usijaribu kuyabadilishana hata kama kwa Kiswahili yote ni kukaa. Kwenye barua ya maelezo inayoambatana na fomu, "live" na "stay" zinatosha. "Reside" iwepo ikiwa wakili ameiweka.

Ukiandika ripoti au kumbukumbu za kikao, "remain" ndilo la kuanzia kwa hali na vitu, na "stay" liwekwe pale ambapo uamuzi wa mtu ni sehemu ya habari. Kama mjumbe mmoja alikataa kutoka ukumbini wenzake walipotoka, "stayed" linamtaja yeye na "remained" linataja ukumbi. Amua kwanza kumbukumbu inataka kuhifadhi kipi.

Ukimwandikia rafiki au mwenyeji wako, achana na "remain" karibu kabisa. Sema "I'd like to stay two nights", na kama yeye ndiye anayekusihi usiondoke, ataandika "stick around" naye hatakuwa amekosa adabu.

Ukisimulia hadithi au tukio, jiulize unataka msomaji amwoneje anayebaki, kisha chagua kati ya "linger", "hang around" na "loiter" ukijua kwamba umemhukumu. Kama ushahidi wa kumhukumu huna, kama mwandishi wa habari anavyokuwa mara nyingi, rudi kwa "stayed" au "was still there", ambayo ni njia ya kawaida ya kutaja uwepo bila kugusa nia.

Ukifasiri andiko la kale, linganisha kwanza umri wa andiko na umri wa msomaji. Kwa usomaji wa ibada unaotaka mwangwi wa kale, "abide" na "dwell" zina nafasi. Kwa kijana anayesoma peke yake, zitamsimamisha kila mstari, na "remain" au "live" zitampitisha.

Ukitafsiri tangazo la dharura, pima neno kwa kitendo: andika orodha ya mambo ambayo msikilizaji anaruhusiwa kufanya baada ya kulisikia, kisha uangalie kama tafsiri yako inaruhusu lolote ambalo la asili limekataza.

Na kama unamfundisha mtu anayeanza, mpe "live" kwa nyumba yake na "stay" kwa ugeni wake, pamoja na "left" kwa kilichobaki mkononi. Kwa hayo matatu ataishi vizuri kwa muda mrefu kabla hajaihitaji "remain" mdomoni mwake, ingawa kwa macho ataanza kukutana nayo siku ya kwanza, kwenye ndege.